Moja Ibaki, Moja Iende

Nyokabi, binti yangu wa pekee, alinipa mpaka Jumamosi nichague kamera moja. Nilikuwa nahama kutoka nyumba yangu ya kukodi hapa Kiuu, ghorofa ya tatu, ngazi ambazo magoti yangu yalishazikataa, nikakae naye Mwiki kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha moja na kabati moja. Alikuja na katoni, akakunja nguo zangu, akafunga sufuria kwa magazeti, kisha akasimama mbele ya meza iliyokuwa na kamera mbili, mikono kiunoni. "Mum, si nafasi ndiyo shida," akasema. "Hizi vitu zinataka mtu wa kuziangalia. Na wewe mwenyewe unataka mtu." Alikuwa amesema kweli. Kamera ya filamu ikikaa miezi bila kufunguliwa huota ukungu ndani ya lenzi, na siku hizi mimi nikiamka, nikaoga, nikapika uji, kazi ya siku nimeimaliza. Tena alikuwa ameshampata mnunuzi, kijana wa Nairobi anayeitwa Brayo, mmoja wa hawa vijana walioirudia filamu wakati sisi tuliokula kwayo tumeiacha. Brayo angechukua yoyote nitakayompa.

Zote mbili zinatumia filamu pana, ile tuliyoiita wan-twenti, na undugu wao unaishia hapo. Ya kwanza ina lenzi mbili, moja juu ya nyingine, na studio tulikuwa tukiiita Macho Mawili. Unaining'iniza shingoni, unafungua kifuniko cha juu, unainamisha kichwa na kuchungulia kioo kilicho chini ya kidevu chako. Ni nyepesi, haina kelele, na ina ujeuri mmoja: kile kioo hugeuza pande. Aliye kushoto kwako unamwona kulia, na akitembea kwenda huku, kiooni anaelekea kule. Nimekuwa nayo tangu nikiwa msichana. Ya pili ni pande la chuma ambalo mikono yangu haiwezi tena kulishika kwa dakika mbili, na ukibonyeza kitufe inabamiza kama mlango wakati wa upepo. Hiyo nilikuwa nayo kwa wiki tatu tu. Nilipewa Gatuanyaga, siku tuliyomzika Murigi.

Murigi na mimi tulifanya kazi pamoja karibu mwaka mmoja, Thika, katika studio ya Mzee Gitau. Baadaye kila mtu akashika njia yake, tukawa watu wa kusalimiana mjini na kwenye harusi za wengine. Nilienda kumzika kwa sababu ilikuwa lazima, nikakaa nyuma ya hema na mwavuli wangu, vumbi likitupiga kila pikipiki ikipita. Baada ya chakula, bintiye Wairimu alinifuata pale nilipokuwa nimeketi na sahani yangu ya wali ambayo haikuwa ikipungua. "Ni wewe tata Muthoni wa studio?" akauliza, akiniita tata kama shangazi yake. Nikamwambia ni mimi. Akaenda ndani akarudi na kitu kizito kimefungwa kwa taulo. "Baba alisema hii apewe yule msichana wa Thika. Tukamuuliza msichana gani, akacheka tu, tukajua." Mimi ni mwanamke mwenye wajukuu, lakini niliposikia neno msichana nilijiona nimekaa tena kwenye ile stuli ya studio, na nikaona aibu mbele ya mtoto wa mtu ambaye nilidhani hajui ni kwa nini nimeangusha macho. Nilipokea kamera ile, nikaiweka mapajani, nikashindwa kumaliza wali.

Nitasema kuhusu mwaka ule, kwa sababu nimeuzungushazungusha maisha yangu yote. Studio ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na pazia lililochorwa ndege na ngazi zake, na mteja aliyevaa suti ya kuazima alisimama ameinua mguu mmoja, ati anapanda kwenda Ulaya. Cha nyuma kilikuwa chumba cha giza, taa nyekundu, makarai matatu ya dawa na kamba ya kuanikia picha. Ukuta kati yao ulikuwa wa mbao nyembamba, na mimi niliyekuwa nikiosha filamu kule nyuma nilisikia yote yaliyosemwa kwenye benchi la wateja. Nilimsikia mama mmoja akifanya mazoezi ya kucheka, mara tano, kila mara akimwuliza mwenzake kama meno yanaonekana yote, kwa sababu picha ilikuwa ya kupelekewa bwana aliyekuwa Mombasa na kuna mtu alikuwa amemwambia huyo bwana kwamba mkewe amezeeka. Nilisikia ndugu wawili wakikosana juu ya nani ataketi na nani atasimama. Nilijifunza watu kwa masikio kabla sijajifunza kuwapiga picha. Sijutii hilo, ingawa zile dawa ziliniharibia vidole na vidole havijapona mpaka leo.

Saa saba tulikula githeri kutoka kwa mama aliyeuza kwa lango la nyuma, bakuli moja la bati kwa watu wawili, Murigi na mimi. Nilikuwa na jino bovu mwaka ule na sikuwa nimemwambia mtu, lakini Murigi aliliona. Akawa anatoa mahindi magumu kwa ncha ya kijiko na kuyasogeza upande wake, akiniachia maharagwe na viazi, huku akiongea habari za mpira asionekane anafanya jambo. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mrefu, mpole, na alikuwa na lafudhi ya kwetu nzito kuliko yangu. Akisema rangi ilikuwa langi, na lenzi ilikuwa renzi. Mzee Gitau alikula peke yake, akiwa amesimama, akiangalia barabara. Alikuwa mtu wa haki lakini mkali, na alikuwa amefika umri wa kuchoka na kila mtu. Sasa nami nimefika hapo, ndipo nimeanza kumwelewa.

Mzee Gitau alikuwa na sheria zake, na mbili zinahusu habari hii. Ya kwanza, msichana hashiki kamera matangani. Abebe mfuko, aandike majina ya wanaotaka picha, basi. Ya pili ilikuwa ya maneno. "Kwa matanga hakuna kulia wala kushoto," alikuwa akituambia. "Kuna upande wa nyumba na upande wa barabara." Mtu akihitajika kusogea, unamwambia, "Mzee, songa upande wa nyumba," au upande wa zizi, au upande wa pastor. Nilidhani ni kwa sababu ya kile kioo kinachogeuza pande, kwamba hataki tuchanganyikiwe mbele za watu. Ilikuwa hivyo, lakini haikuwa hivyo tu. Alikuwa amepiga picha za matanga miaka mingi na alijua lile neno lina mambo mawili ndani yake. Hakutuelezea, nasi hatukuuliza.

Jumamosi moja alikuwa na harusi Ruiru, na siku hiyo hiyo kulikuwa na mazishi ya mzee mmoja mfugaji huko Gatuanyaga. Alimpa Murigi Macho Mawili na filamu mbili, picha kumi na mbili kila moja, akanipa mimi mfuko na daftari. Tulifika mapema. Nikaenda kwa wanawake waliokuwa wakimenya viazi kuomba maji ya kunawa, na nikiwa nimeinama kwenye ndoo nikawasikia dada zake marehemu wakinong'ona, wala hawakujisumbua kunong'ona sana. "Hata chozi moja," mmoja akasema. "Tangu mochari. Mkavu hivyo." Mwingine akasema, "Mtu hawezi zika bwana akiwa hivyo kama hakuna kitu anajua." Nilimtazama mjane. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mwembamba, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, akimlisha mtoto mdogo chapati vipande vipande. Alionekana kama mtu ambaye hajalala kwa mwezi mzima. Nilimwonea huruma, na ninataka hilo lijulikane, ingawa halikumsaidia chochote.

Murigi alipiga picha ishirini na tatu. Mimi kutwa nilikuwa nikimsihi kwa macho, na ilipofika picha ya mwisho, ile kubwa ya familia nyuma ya jeneza, alivua kamba shingoni akanivalisha. "Moja tu," akasema. "Mzee asijue." Akasimama kando yangu na mita ya mwanga, akanisomea. Sikuwa nimewahi kufurahi hivyo. Niliinamisha kichwa, na watu wakanyamaza, maana mtu aliyeinamia kamera ile huonekana kama anayeomba. Kiooni niliona familia yote imekaa sawa isipokuwa mjane, ambaye nusu yake ilikuwa imekatwa na ukingo wa picha. Nikasema, kwa sauti ya kazi, ile niliyokuwa nimemsikia Mzee Gitau akiitumia studio: "Mama, kulia kidogo."

Hakusogea. Nikadhani hajasikia. "Mama, kulia. Kulia kidogo tu." Alisogea kidogo, lakini kiooni akazidi kutoka kwenye picha, kwa sababu nilikuwa nimesahau kwamba kioo kinageuza pande na nilikuwa nikimpeleka kusiko. Nikaona hanielewi, nikaongeza sauti. "Si hivyo, mama. Kulia kabisa!" Hapo ndipo nilipomsikia mmoja wa wale dada za marehemu, kwa sauti ya ushindi: "Si mnasikia? Hata wa picha ameona!" Nikainua kichwa. Watu wote walikuwa wakimtazama mjane, na mjane alikuwa akinitazama mimi. Hakuwa na hasira. Aliniuliza polepole, kama mtu anayetaka kweli kufundishwa, "Nirie namna gani tena, mwanangu?" Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe, nikabonyeza. Picha hiyo niliiosha mwenyewe Jumanne. Anaonekana nusu, mdomo wazi.

Jumatatu asubuhi kaka yake mjane alifika studio. Hakuwa karibu dada yake alipotamkiwa maneno yale, alikuwa akielekeza magari barabarani, na alileta habari kama alivyoletewa. "Kijana wako wa kamera amemwambia dada yangu alie mbele ya watu," alisema. "Sasa wale watu wanamwita muuaji. Wamepewa ruhusa na kijana wako." Tulikuwa tunakunywa chai, Murigi na mimi, kila mmoja na mandazi yake. Mzee Gitau hakumpigia kelele mtu. Aligeuka tu akauliza, "Nani alikuwa na kamera?" Mtu akisema kijana, wote wanaona mwanamume. Hakuna aliyeniangalia. Ningeweza kusema ni mimi, na ilikuwa kazi ya neno moja. Murigi alingoja. Nasema alingoja kwa sababu niliona, alinipa nafasi ya kutosha mtu kuvuta pumzi na kuitoa. Mimi nikainua kikombe, nikanywa chai, ikaniunguza, nikaendelea kunywa. Kisha Murigi akasema, "Kamera ilikuwa yangu siku hiyo, Mzee." Hata sasa siwezi kusema kwamba alidanganya. Mzee Gitau akamwambia aache funguo mezani. Murigi alichukua koti lake, na akipita karibu yangu akasema, "Usisahau kuosha ile roll ya mwisho." Hakuninyima hata ukumbusho huo wa kazi.

Nilimaliza mwaka peke yangu kule nyuma. Bakuli la githeri lilikuwa langu lote na jino liliniuma mpaka nikaling'oa. Mwaka ulipokwisha, Mzee Gitau alifunga studio akarudi shambani, na siku ya mwisho akanivalisha Macho Mawili shingoni kwa mikono yake. Akasema, "Chukua. Wewe hujawahi kuniharibia kazi hata siku moja." Nilipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo, nikashukuru. Kamera hiyo ndiyo iliyonifungulia studio yangu mwenyewe Ruiru, ikapiga picha za vitambulisho, za mahafali, za wachumba. Ikamsomesha Nyokabi. Murigi alikwenda kupasua mawe kwenye machimbo, miaka mingi, kabla ya kupata ile kamera yake nzito, iliyokuwa imeshatumiwa na wengine wawili. Tulipokutana alikuwa yeye yule. Tulisalimiana, tukaulizana watoto, tukalalamikia bei ya filamu, na kila mara, tukishamaliza yote, aliuliza, "Ni hayo tu?" Nami nikajibu, "Ni hayo tu." Nilidhani ni mazoea ya kuagana.

Basi, kuchagua. Kwa Nyokabi halikuwa jambo la kufikiria: iende ile nzito ambayo siwezi hata kuiinua, ibaki nyepesi. Nami moyo wangu ulikuwa huko, sitaficha. Macho Mawili naijua hata nikifumba macho. Lakini ningemuuzia mtu baki zawadi ya marehemu, udongo wa kaburi haujakauka, nibaki na kamera ambayo kwa haki ingekuwa yake? Siku tatu nilizunguka meza ile nimechoka, nikipanga maneno. Mwishowe nikaona njia: nimpelekee Wairimu ile nyepesi, nimweleze ukweli, nami nibaki na chuma cha baba yake hata kama sitakiinua tena. Nilijiona mtu mwema sana. Alhamisi nikaenda Gatuanyaga.

Wairimu alikuwa akiwafungia mbuzi majani. Alinikaribisha jikoni, akaniwekea chai na ngwaci, viazi vitamu vya kuchemsha, akaketi kunisikiliza. Nikasema yote, tangu kamba niliyovishwa shingoni mpaka kikombe cha chai. Nilikuwa sijawahi kulisimulia jambo hilo kwa sauti. Nilipomaliza alinimiminia chai tena.

"Tata, hiyo tunajua," akasema. "Baba alikuwa anatupea hiyo stori kila Krismasi. Anaiga sauti yako. 'Mama, kulia kabisa!' Tunacheka mpaka maitu anatufukuza nje." Maitu ni mama yake, mke wa Murigi.

Nikapata nafuu kubwa, mpaka nikatabasamu. "Kumbe hakukasirika?"

Alimenya ngwaci polepole kabla ya kunijibu. "Kwa hiyo stori, akifika kwa mjane, alikuwa anacheka. Akifika kwa chai, hakuwa anacheka." Kisha akasema, "Akitoka mjini, akisema mumekutana, maitu alikuwa anamuuliza, 'Amesema?' Anasema, 'Bado. Iko siku atasema.' Hata wakati wa hospitali aliulizwa. Akasema bado."

Nikatoa Macho Mawili kwenye mfuko, nikaisukuma mezani mbele yake. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Hakuigusa. Aliifuta meza kuizunguka, kama vile mtu anavyofuta kuzunguka sahani ya mgeni ambaye hajamaliza. "Nikiichukua nitampelekea nani?" akauliza. "Mwenye alikuwa anangoja ameenda. Tata, usikasirike. Ya baba, uza. Hiyo alikupea na roho safi, haina maneno. Hii ndio ukae nayo." Hakusema kwa ukali. Alinifungia ngwaci kwenye karatasi nipelekee Nyokabi, akanisindikiza mpaka barabarani, akamwambia mwenye pikipiki anipeleke polepole kwa sababu ya magoti.

Jumamosi Brayo alifika Kiuu saa nne, amepanda ngazi zote tatu bila kuhema. Aliishika ile nzito, akaibonyeza, ikabamiza, akacheka kwa furaha. Akachungulia lenzi juani akasema ni safi kabisa, mwenyewe aliitunza vizuri. Nikamwambia ndiyo, aliitunza. Nyokabi akamsaidia kuifunga kwenye lile taulo. Ndipo Brayo akaiona nyingine juu ya katoni ya vyombo, akaisogelea mikono nyuma, asije akaigusa bila ruhusa.

"Na hii, cucu? Hii nayo ni noma. Mnauza?" akaniuliza, kana kwamba mimi ni nyanya yake.

"Hiyo siuzi."

"Ni yako?"

Nyokabi alifungua mdomo anijibie, maana tangu azaliwe hajajua kamera ile kuwa ya mtu mwingine. Nikamtangulia. "Ni ya Murigi," nikasema. Binti yangu akageuka akanitazama.

"Sawa," Brayo akasema, akitoa simu yake. "Basi nipee namba yake, niongee na yeye."

Nikamwambia hata mimi nilichelewa kuongea na yeye.